Trisomi 21: si uchawi, si kosa la mama

Mtoto akizaliwa na trisomi 21, mara nyingi maneno yanaanza mtaani: mama alifanya nini, nani alimuloga? Jibu liko ndani ya yai, kabla hata ya mimba.

Kromosomu ni nini?

Ni nyuzi ndogo sana ndani ya seli za mwili, zinazobeba urithi wa wazazi. Mtu ako nazo 46, ni kusema jozi 23. Gorila wa Virunga, majirani wetu, wako nazo 48.

Kosa linatokea wapi?

Ili hesabu isiongezeke kwa kila kizazi, yai na mbegu ya baba kila moja inapaswa kubaki na 23 tu. Kazi hiyo ya kupunguza inaitwa meiosi. Kromosomu mbili za jozi zinashikana, zinabadilishana vipande, kisha kila moja inavutwa upande wake. Jozi ya 21 ikikosa kuachana, yai linabaki nazo mbili. Ikiongezeka ya baba, mtoto anakuwa na tatu: jumla 47.

Mara karibu tisa kwa kumi kosa hilo ni la yai. Mayai ya mwanamke yanaanza meiosi akiwa bado tumboni mwa mama yake, halafu yanasimama na kungoja miaka 20, 30 ao 40. Kadiri yanavyongoja, vifungo vya kromosomu vinalegea. Kwenye miaka 25 ni karibu mtoto 1 kwa 1,200. Kwenye 40, karibu 1 kwa 100. Lakini bamama vijana ndio wanazaa zaidi, kwa hiyo wao pia wanapata watoto hao wengi.

Wanyama nao?

Ndiyo. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani walieleza sokwe mtu mwenye kromosomu ya ziada inayofanana na 21 yetu. Japani ilitangaza mwingine, Kanako, mwaka 2017. Nani anamuloga sokwe?

Mzazi afanye nini?

Kromosomu haitolewi, lakini mtoto anasaidiwa. Karibu nusu yao wanazaliwa na shida ya moyo. Mupeleke kwa munganga mapema, apimwe moyo, masikio na macho. Usimufiche nyumbani: akifundishwa polepole, anajifunza.