Luanda Magere: Huyo Msichana Hakuwa Msaliti

Wasee, kama umekulia pande za Migori ama Homa Bay, Luanda Magere alikuwa shujaa wako kabla hujaona wale wa sinema. Mwili wa jiwe. Mikuki ya Wanandi inagonga na kupinda. Anapewa msichana wa Kinandi aoe, siku moja anaugua, anamwambia bibi yake amchanje kwenye kivuli, na damu inatoka. Msichana anatoroka usiku na hiyo siri. Vita vinarudi, mkuki unachoma kivuli, Magere anageuka jiwe. Jiwe lenyewe liko Kano hadi leo, na inasemekana wawindaji walikuwa wananoa mikuki pale wapate bahati.

Tukiwa watoto tulimchukia huyo msichana, wacha tu. Lakini irudie hiyo stori sasa, ukiwa na miaka ishirini na kitu, na ujiulize: nani alimtuma? Wazee walikaa chini, wakaona vita haviendi popote, wakachagua binti mrembo, wakampeleka alale na mtu aliyeua ndugu zake. Hakuna mahali anaulizwa kama anataka. Kwa simulizi nilizosoma, hata jina hana.

Sasa chukua Grace Ogot. Mwaka wa 1968 alitoa mkusanyiko wa hadithi, Land Without Thunder, na ndani kuna ile ya mvua. Ukiwa mtoto unakumbuka zimwi la ziwani tu. Ukiisoma ukiwa mkubwa, zimwi linakuwa kitu kidogo. Kinachouma ni Oganda, binti wa pekee wa chifu Labong'o, akiona watu wananong'ona na kunyamaza akipita, akidhani wanampangia harusi. Kumbe wanampangia kifo ili mvua inyeshe. Kisha kijiji kinamchezea ngoma usiku kucha kabla hajaenda. Hao ni watu wake!

Stori mbili, mpango mmoja: jamii ikikwama, inatoa msichana. Na hapa kuna historia ndani ya uchawi. Wajaluo na Wanandi kweli walivamiana na kuibiana ng'ombe kabla Waingereza hawajafika. Masimulizi ya vita yakatunza majina ya wanaume walioshika mikuki. Wanawake waliovuka mpaka kuolewa wakabaki kwa hadithi za jioni, na wakipewa nafasi, ni ya kulaumiwa.

Kwetu Ogwedhi hii si mambo ya kitabu tu. Tuko mpakani. Soko moja, Mjaluo, Mkuria, Mmaasai. Kuna watoto hapa wenye mama wa upande ule mwingine. Ukimwambia mtoto kila jioni kwamba bibi kutoka kabila lingine ni nyoka ndani ya nyumba, unamfundisha nini kuhusu mama ya rafiki yake? Na vurugu zikizuka, huyo mama atakimbilia wapi?

Sisemi tuache kusimulia Magere. Simulia, lakini mweke huyo msichana kama mtu. Ogot alimpa Oganda Osinda, mpenzi wake, akamtoa ziwani, na mvua bado ikanyesha. Wa Kinandi hakupata mtu wa kumtoa.

Alipofika kwao ile usiku, alipokewa kama shujaa ama kama mjane? Kama dani ama gogo yako aliwahi kukusimulia hiyo sehemu, niandikie hapo chini.