Utando wa miwani ulianza na lenzi kuukuu

Wadau, wiki iliyopita nilikwenda kutengeneza miwani mpya. Baada ya kupimwa macho, dada wa kaunta akaniuliza: "Kaka, tukuwekee ya kawaida, ya kuzuia mng'ao, ya kuzuia mikwaruzo au ya kompyuta?" Kila neno lilikuwa na bei yake, na mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua. Nikaomba muda, nikaenda kusoma historia. Nimegundua kwamba kila utando ulizaliwa kutibu ugonjwa wake.

Tuanze na mng'ao. Kioo kitupu hurudisha kiasi cha asilimia 4 ya mwanga kwa kila upande. Lenzi ina pande mbili, kwa hiyo karibu asilimia 8 haifiki jichoni. Mwaka 1886 Mwingereza Lord Rayleigh aliona jambo la ajabu: kioo kikuukuu, kilichopata ukungu kwa kukaa hewani, kilipitisha mwanga mwingi kuliko kipya. Mwenzake Dennis Taylor, mtengenezaji wa lenzi mjini York, aliona hali hiyohiyo, akajaribu kuzeesha lenzi kwa kemikali. Mwaka 1904 alipata hataza, ila matokeo yake hayakuwa ya kutegemewa.

Siri ilikuwa kwenye unene. Utando ukiwa na unene wa robo ya wimbi la mwanga, mwanga unaorudi kutoka juu yake na ule unaorudi kutoka chini yake hufutana. Unaobaki hupita kwenda jichoni.

Mwaka 1935 Alexander Smakula, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akifanya kazi Carl Zeiss kule Jena, Ujerumani, alifanikiwa kuvukiza madini ndani ya ombwe yakaganda juu ya lenzi. Jeshi la Ujerumani likaifanya siri yake. Marekani nako, mwaka 1938, Katharine Blodgett wa General Electric alitangaza kioo kisichorudisha mwanga, kwa kupanga tabaka 44 za molekuli. Tatizo, utando wake ulifutika kirahisi. Njia ya kuvukiza ndiyo iliyoshinda, na ndiyo inayotumika hadi leo.

Halafu ikaja plastiki. CR-39 ilibuniwa Marekani miaka ya 1940, na baada ya vita ikaingia kwenye miwani. Ni nyepesi na haivunjiki ovyo kama kioo, lakini hukwaruzika haraka. Hapo ndipo ulipohitajika utando mgumu.

Sasa turudi kaunta. Kama lenzi yako ni ya plastiki, utando mgumu si anasa, na ndio unaotangulia chini ya ule wa kuzuia mng'ao. Wa kuzuia mng'ao unamfaa anayeendesha gari usiku, anayekaa mbele ya kompyuta na anayepigwa picha mara kwa mara. Kinga ya mionzi ya jua ni muhimu, ila uliza kwanza: lenzi za polikaboneti huizuia zenyewe, na lenzi kuwa nyeusi si ushahidi kwamba inakinga.

Na "ya kompyuta", yaani ya kuzuia mwanga wa bluu? Mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane walipitia majaribio 17. Wakaona kwamba kwa muda mfupi huenda lenzi hizo hazipunguzi uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Kupumzisha macho ni bure.

Nilirudi nikachukua utando mgumu na wa kuzuia mng'ao, ya bluu nikaiacha. Dada alicheka: "Kaka, umesoma!" Akanipa onyo moja: usifute miwani kavu kwa shati, vumbi hukwaruza. Suuza kwa maji kwanza.

Nami nawaachia swali, wadau: mara ya mwisho mlipolipia miwani, mliuliza mnalipia nini?