Parishi ya Kianglikana nchini Tanzania

Parishi (huitwa pia parokia) ni kitengo cha msingi cha Kanisa Anglikana la Tanzania. Ni jumuiya ya waumini wa eneo fulani inayoongozwa na kasisi aliyewekwa na askofu. Parishi kadhaa huunda dayosisi. Vijijini parishi moja mara nyingi huwa na makanisa madogo kadhaa yanayoitwa mitaa, na kasisi huyatembelea kwa zamu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya parishi hutegemea walei, yaani waumini wasio na daraja takatifu.

Historia

Uanglikana uliingia katika eneo la Tanzania ya leo kwa njia mbili. Misheni ya UMCA, iliyotokana na vyuo vikuu vya Uingereza, ilihamia Unguja mwaka 1864. Kutoka huko ilienea Magila karibu na Muheza, na Masasi, ambako Askofu Edward Steere alianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa mwaka 1876. Chama cha CMS kilianzia Mpwapwa miaka hiyohiyo, kikaenea Ukaguru na Ugogo. UMCA walifuata mapokeo yaliyo karibu na Ukatoliki, ilhali CMS walisisitiza mahubiri na usomaji wa Biblia.

Wenyeji walishika kazi mapema. John Swedi aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa akawa kasisi mwaka 1890. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) serikali ya Wajerumani iliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza. Makasisi na walimu Waafrika waliendelea kuongoza sala, kufundisha na kuzika wafu. Kipindi hicho kilionyesha kwamba parishi ingeweza kusimama bila mgeni.

Mwaka 1970 Tanzania ilikuwa jimbo la kujitegemea la Ushirika wa Anglikana, na John Sepeku akawa askofu mkuu wa kwanza.

Ibada

Ibada huendeshwa zaidi kwa Kiswahili kwa kufuata Kitabu cha Sala. Asili ya misheni bado inaonekana. Katika parishi nyingi za Unguja, Tanga na Masasi ibada kuu ya Jumapili huitwa Misa, kiongozi huitwa Padre, na ubani hutumika. Katika parishi nyingi za Dodoma na Morogoro kiongozi huitwa Mchungaji, mavazi ya ibada ni ya kawaida zaidi na mahubiri huwa marefu. Muumini anayehama kutoka Masasi kwenda Dodoma huhitaji muda kuzoea, ingawa Kanisa ni moja.

Komunyo Takatifu huadhimishwa na kasisi au askofu tu. Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni zinaweza kuongozwa na mlei aliyeruhusiwa. Hivyo katika mtaa wa mbali mwinjilisti au katekista ndiye anayeongoza Jumapili nyingi, na waumini hungoja Komunyo hadi siku ya zamu yao. Kipaimara hutolewa na askofu anapoitembelea parishi, baada ya watoto na watu wazima kumaliza mafundisho.

Uongozi

Kasisi husaidiwa na wazee wa kanisa na halmashauri ya parishi inayochaguliwa na waumini. Halmashauri husimamia fedha, majengo na mipango ya mwaka. Parishi hutuma wajumbe kwenye sinodi ya dayosisi, ambako walei hukaa na kupiga kura pamoja na makasisi.

Maisha ya jumuiya

Umoja wa Akina Mama, tawi la chama kilichoanzishwa na Mary Sumner nchini Uingereza mwaka 1876, ni kati ya vikundi vyenye nguvu zaidi. Wanachama hutembelea wagonjwa, hufariji wafiwa na kuwafunda wanandoa wapya. Kwaya na vikundi vya vijana hukutana katikati ya juma kwa mazoezi.

Sadaka si fedha pekee. Vijijini waumini huleta mahindi, mtama, kuku au mayai, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Mnada huo huingiza fedha na humwezesha asiye na pesa taslimu kutoa kama wengine.

Parishi pia imelazimika kuamua jinsi ya kukabili mila. Mfano unaojulikana ni wa Masasi, ambako Askofu Vincent Lucas (1926–1944) hakupiga marufuku jando. Kwa kushirikiana na makasisi wenyeji alisimamia jando la Kikristo, lenye sala na mafundisho ya kanisa badala ya sehemu zilizoonekana kupingana na imani.

Msiba ndio unaoonyesha wazi zaidi umoja wa parishi. Wanakwaya huimba, akina mama hupika, na majirani wa madhehebu na dini nyingine hushiriki mazishi.