Idjwi, Koltani na Plastiki Ipitishayo Umeme

Historia ya plastiki ipitishayo umeme kwa kawaida huanzia Tokyo. Mnamo 1967, katika maabara ya Hideki Shirakawa, kichocheo kilitiwa mara elfu moja zaidi ya kipimo, na badala ya unga ukapatikana utando ung'aao kama fedha. Baadaye Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliutia utando huo iodini huko Philadelphia, ukapitisha umeme mamilioni ya mara zaidi ya hapo awali. Matokeo yalichapishwa 1977.

Katika mnyororo wa kaboni wa polima hiyo, vifungo vya moja na vya viwili hupokezana. Elektroni zimo, ila zimebanana kama abiria katika boti iendayo Bukavu kutoka Idjwi: hakuna awezaye kusogea. Iodini huiondoa moja. Jirani huijaza nafasi iliyoachwa, naye akaacha yake, hivyo nafasi husafiri mnyororo mzima.

Habari hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu. Tangu miaka ya 1990 plastiki za aina hii zimetumiwa katika kapasita za tantalamu, vifaa vidogo vitunzavyo chaji ndani ya kompyuta na simu. Tantalamu huvikwa oksidi nyembamba isiyopitisha umeme, kisha plastiki hujaza vitundu vyake na kuwa ncha ya pili. Oksidi ya manganizi iliyotumika kwanza huweza kusababisha moto kapasita inapoharibika.

Tantalamu hutoka katika koltani, nayo huchimbwa, miongoni mwa mahali pengine, Numbi, katika milima ya Kalehe, magharibi mwa Ziwa Kivu. Shirakawa na wenzake walipewa Tuzo ya Nobel Oktoba 2000, wakati bei ya tantalamu ilipokuwa ikipaa na wakulima wa Kivu wakiacha mashamba kwenda machimboni. Novemba mwaka huohuo waasi wa RCD-Goma, waliokuwa wakiitawala Bukavu, waliipa kampuni ya SOMIGL ukiritimba wa kuuza koltani nje. Ni vigumu kuona kwa nini mwanahistoria wa polima aupite mwezi huo kimya.

Bwawa la kwanza la Ruzizi, karibu na Bukavu, lilikuwa limejengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Nyaya zake hazikuvuka kwenda Idjwi kwa miaka mingi. Simu za mkononi zilipofika kisiwani, betri zake zilichajiwa kwa jenereta na paneli za jua.