Mamlaka ya Mwandishi katika Uhariri wa Tarakilishi

Aghalabu historia ya zana za uandishi husimuliwa kama historia ya kasi. Hata hivyo, yafaa isomwe pia kama historia ya mamlaka: ni nani anayeruhusiwa kubadilisha neno, na badiliko hilo huacha alama gani?

Katika programu ya Bravo, iliyoundwa Xerox PARC, California, mnamo 1974, kila kitufe kilikuwa na maana mbili, kutegemea iwapo mashine ilikuwa ikipokea amri au maandishi. Mwandishi aliyesahau tofauti hiyo akachapa "edit" aliteua matini yote kwa herufi ya kwanza, akaifuta kwa ya pili, akafungua nafasi ya kuandika kwa ya tatu. Kilichosalia ni t pekee. Kisa hiki husimuliwa kwa mzaha, ingawa kwa aliyepoteza sura nzima si mzaha hata kidogo. Larry Tesler na Tim Mott walitafuta suluhisho kwa wahariri wenyewe. Mott aliwatazama wahariri wa vitabu wa kampuni ya Ginn wakiwa kazini, na programu ya Gypsy (1975) ikaiga desturi ya kukata karatasi na kubandika. Mashine ikajifunza kwa mhariri.

Writer's Workbench ya Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo ilipima urefu wa sentensi na kuonyesha maneno yaliyochakaa, lakini kalamu ikabaki mkononi mwa mwandishi.

Mambo yaligeuka mnamo 2018, Gmail ilipoanza kumtangulia mwandishi kwa maneno ya kijivu yanayokubaliwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Arnold, Chauncey na Gajos walionyesha mnamo 2020 kwamba maelezo ya picha yaliyoandikwa kwa mapendekezo ya aina hiyo yalikuwa mafupi zaidi na yenye maneno yanayotabirika zaidi. Basi pendekezo si msaada mtupu. Lina mtindo wake. Baada ya ChatGPT kutolewa mwishoni mwa 2022, aya nzima zikaanza kuandikwa upya kwa ombi moja tu.

Mhakiki wa miswada ya Lamu humtenga mtunzi na mnakili kwa kuchunguza wino, mwandiko na maelezo ya pambizoni. Neno la kijivu, likishakubaliwa, huwa jeusi kama mengine yote.