Mahari: bei ya mke au mkataba wa koo mbili?

Tarehe 6 Agosti mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya Uganda ilitoa uamuzi uliosubiriwa kwa miaka kadhaa. Majaji walisema kumdai mke au wazazi wake warudishe mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, kwa sababu kunamvunjia mwanamke heshima na usawa wake. Hata hivyo, hawakuipiga marufuku mahari yenyewe.

Uamuzi huo ulirejesha swali ambalo wanaanthropolojia, yaani wataalamu wanaochunguza maisha na mila za binadamu, wamelijadili kwa takriban karne moja: je, mahari ni bei, zawadi au mkataba?

Neno lenye mtego

Watawala wa kikoloni na wamishonari wengi waliona ng'ombe wakitoka boma moja na binti akitoka boma jingine, wakahitimisha kwamba mke amenunuliwa. Mwaka 1931, mtaalamu wa Kiingereza Edward Evans-Pritchard aliandika katika jarida la Man la London akipinga desturi hiyo kuitwa "bei". Hoja yake ni kwamba neno hilo linatazama upande mmoja tu, ule wa uchumi, na kumfanya msomaji adhani ni biashara ya sokoni. Alipendekeza istilahi nyingine, ambayo kwa Kiswahili ingekuwa "mali ya ndoa".

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Anayenunua kitu aweza kukiuza tena, na akishalipa hana deni kwa muuzaji. Mkwe hana ruhusa hiyo, na wajibu wake kwa ukoo wa mkewe ndiyo kwanza unaanza.

Ng'ombe wa Wanuer

Evans-Pritchard alikuwa amehudhuria masomo ya Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland aliyefundisha London. Malinowski aliishi katika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua Guinea Mpya, kati ya mwaka 1915 na 1918, na akasisitiza njia moja ya kazi: kaa na watu, jifunze lugha yao, kisha uiangalie kila mila pamoja na mila nyingine zinazoizunguka.

Kwa njia hiyo Evans-Pritchard alikwenda kwa Wanuer, wafugaji wa nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, katika miaka ya 1930. Aliambiwa kwamba mahari kamili ni ng'ombe wapatao 40, ingawa wengi walitoa pungufu. Ng'ombe hao hawakuwa mali ya baba wa binti peke yake. Waligawiwa jamaa wa upande wa baba na wa upande wa mama, kila mmoja kwa fungu lake linalojulikana. Kwa hiyo ndoa ikiyumba, watu wengi walikuwa na sababu ya kuwapatanisha wanandoa.

Ng'ombe pia ndio walioamua mtoto ni wa nani. Mwanamume akifariki bila mrithi, ndugu yake aliweza kuoa kwa jina la marehemu, na watoto wakahesabiwa kuwa wa yule aliyekufa. Mgeni angeiona desturi hiyo kuwa ya ajabu. Kwa Mnuer, ni njia ya kuhakikisha jina la mtu halifutiki duniani.

Jina moja, mambo tofauti

Mlinganisho wa jamii mbalimbali huonyesha pia jinsi neno moja linavyoweza kuficha mengi. Katika sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya bibi-arusi mwenyewe, wala si ya wazazi wake. Ndiyo maana watu wa pwani ya Afrika Mashariki hutenganisha mahari na kilemba cha baba au mkaja wa mama. Kwa jamii nyingi za bara, mali huenda kwa ukoo wa mke. Nchini India mkondo hugeuka: familia ya binti ndiyo inayotoa mali kwa upande wa mume, desturi iliyopigwa marufuku kisheria mwaka 1961 lakini ambayo haijatoweka.

Fedha zilipoingia

Mila nazo hubadilika. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Sharon Hutchinson, aliyefanya utafiti kwa Wanuer kuanzia miaka ya 1980, alikuta wakitofautisha ng'ombe walionunuliwa kwa fedha na ng'ombe waliopatikana kwa kuoza mabinti. Ng'ombe wa mahari walikuwa na madai ya jamaa juu yao, lakini wa fedha walikuwa wa mwenyewe. Fedha zilizotokana na kazi ya kuzoa vinyesi mjini zilidharauliwa, ikaaminika kwamba ng'ombe aliyenunuliwa kwazo hadumu.

Kwa Waafrika Mashariki wanaotuma mahari kwa simu au benki kutoka ughaibuni, suala hilo si geni. Fedha ni rahisi kuzihesabu, na kinachohesabika kwa urahisi huelekea kuitwa bei.

Kuelewa si kuhalalisha

Taaluma hii ina dosari zake. Utafiti wa Evans-Pritchard uliombwa na serikali ya kikoloni ya Sudan, muda mfupi baada ya Wanuer kushambuliwa kijeshi. Aidha, tafiti nyingi za enzi hizo zilisikiliza zaidi wanaume.

Hata mwenyeji huwa na upande. Jomo Kenyatta, mwanafunzi mwingine wa Malinowski, alichapisha mwaka 1938 kitabu cha Facing Mount Kenya, akieleza mila za Wakikuyu na kukanusha kwamba ruracio, mahari yao, ni ununuzi. Katika kitabu hichohicho alitetea ukeketaji wa wasichana, ambao sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inauharamisha. Kueleza jinsi mila inavyofanya kazi ni jambo moja, na kuamua kama inafaa kuendelea ni jambo jingine.

Sheria zimejaribu kutenganisha mambo hayo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa kuwa mila ya mahari haikutimizwa. Ile ya Kenya ya mwaka 2014 inaruhusu kiasi kidogo tu cha mahari kiwe uthibitisho wa kutosha wa ndoa ya kimila pale mila inapodai mahari.

Mahakama ya Uganda nayo iliacha mkataba wa koo mbili usimame, ikaondoa deni lililoweza kumfunga mwanamke katika ndoa asiyoitaka kwa hofu kwamba wazazi wake hawana cha kurudisha. Yale mafungu yaliyowapa jamaa sababu ya kuwapatanisha wanandoa ndiyo yayo hayo yaliyoweza kuwapa sababu ya kumrudisha binti yao alikokimbia.