Jumba la Carson: Mji wa Mbao na Hesabu Zake

Mwishoni mwa Barabara ya Pili mjini Eureka, kaskazini mwa California, limesimama jumba la mbao alilolijenga mfanyabiashara William Carson kati ya 1884 na 1886. Ni miongoni mwa nyumba mashuhuri kabisa za enzi ya Malkia Victoria nchini Marekani. Wageni huvutiwa na mnara wake na nakshi zake. Lakini anayetaka kulielewa sharti aanzie msituni.

Carson, mzaliwa wa New Brunswick, Kanada, alikwenda California kutafuta dhahabu. Utajiri wake, hata hivyo, ulitoka kwenye miti ya redwudi, ndugu wa mbali wa mtarakwa, ambayo baadhi yake hupita urefu wa mita 90. Mbao zake hazina mafundo mengi, huchongeka bila taabu, na haziozi upesi. Carson alishirikiana kibiashara na John Dolbeer, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1880 alibuni winchi ya mvuke ya kukokota magogo, kazi iliyokuwa ikifanywa na maksai. Reli ya kuiunganisha Eureka na San Francisco ilikamilika 1914 tu. Kabla ya hapo mbao zilipakiwa melini katika Ghuba ya Humboldt.

Ramani za jumba zilichorwa na ndugu wawili wa San Francisco, Samuel na Joseph Cather Newsom. Mtindo wake mkuu ni ule uitwao Queen Anne, usiojali pande za nyumba kufanana: huku mnara, kule baraza, juu mapaa yanayopandana. Hapa umechanganywa na mitindo mingine kadhaa. Tazama baraza ya mbele. Nguzo zake nene zimekerezwa pete juu ya pete, na karibu kila ukingo umepambwa. Mapambo ya namna hii yaliwezekana kwa sababu mashine za kukereza na misumeno ya mvuke ilitoa kwa haraka vipande ambavyo zamani fundi angevichonga kwa mkono siku nyingi. Ndani, redwudi imechanganywa na mbao za thamani kutoka Amerika ya Kati. Mteja aliyepita hapo aliona kwa macho yake kila kinachoweza kufanywa kwa bidhaa ya mwenye nyumba.

Inasimuliwa kwamba Carson alianza ujenzi huo biashara ilipodorora, ili mafundi wake wasikose kazi. Lakini si wote walionufaika na neema ya mji huo. Februari 1885, ujenzi ukiendelea, diwani mmoja aliuawa kwa risasi iliyomkosa mlengwa katika ugomvi wa Wachina. Wakazi wazungu wakawafukuza Wachina wote mjini, mamia ya watu, na kuwasafirisha kwa meli hadi San Francisco. Miaka 25 kabla yake, Februari 1860, walowezi walivamia kisiwa cha Tuluwat, kilichomo ndani ya ghuba hiyohiyo, wakawaua Wawiyot, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliokusanyika kwa ibada yao ya kila mwaka. Wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Mwaka 1889 familia ya Carson ilijenga nyumba nyingine ng'ambo ya barabara, zawadi ya harusi ya mwanawe, kwa ramani za ndugu walewale. Carson alifariki 1912. Mwaka 1950 jumba lilinunuliwa na Klabu ya Ingomar, ambayo imelitunza hadi leo. Nao Wawiyot walirudishiwa sehemu kubwa ya kisiwa chao na mji wa Eureka mwaka 2019.

Kazi ya mafundi wale inastahili kila sifa. Na kwa kuwa jumba hili ni urithi wa mji mzima, basi simulizi yake nayo iwe ya mji mzima: msitu uliokatwa, mikono iliyochonga, na watu walioondolewa. Mwongoza wageni anayeishia kwenye nakshi amewapa nusu tu ya historia waliyoifuata.